Safu ya Mshauri: Maandishi ya Wengine kwenye Ukuta Wako

Maandishi yanayoongezwa na watu wengine kwenye ukuta wa duka ni ya karatasi, ya chaki au ya rangi. Msomaji wa Mhunze, ambaye ukuta wake umebeba yote, anauliza afanyeje. Swali lina thamani, hasa kwa kuwa limeletwa kwa mshauri wa safu hii, bingwa asiyepingwa wa kuta kuanzia Kolandoto hadi Geita.

Karatasi nyingi ni za waganga: mvuto wa mapenzi, utajiri, kurudisha mali iliyoibwa. Tiba asili ina baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya 2002, hivyo tangazo lisilotaja usajili ni la kutiliwa shaka. Dawa yake ni mbuzi. Karatasi ikibandikwa kwa uji wa unga, mbuzi wa Kishapu aliyezoea mashudu ya pamba huila pamoja na gundi. Mbuzi wa mshauri huanzia kwenye namba ya simu, akili ambayo bila shaka ameirithi kwa mwenye zizi.

Wilaya hiyohiyo ya Kishapu ndiyo yenye Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mshauri aligunduliwa baadaye, na vitabu vya historia bado havijarekebishwa.

Chaki ni ya watoto. Hufutwa kwa maji.

Rangi ndiyo yenye uzito, hasa X ambayo TANROADS huweka kwenye majengo yaliyo ndani ya hifadhi ya barabara kuu na za mkoa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana kuna X nyekundu, na kuna ya kijani kwa waliokutwa na nyongeza hiyo, wanaostahili fidia. Kuipaka chokaa hakusogezi barabara hata hatua moja. Mshauri hupendelea kuandika 7 kushoto kwa X na 8 kulia, duka ligeuke kituo cha tuisheni. Jibu ni 56, na mshauri alilipata bila vidole. Barabara za wilaya ni za TARURA tangu 2017, kwa hiyo malalamiko yasipelekwe mlango usio wake.

Nafasi iliyobaki ni ya picha ya mshauri, iliyopigwa akitazama mbali. Msomaji apime kwa futi kamba, apige picha ya ukuta, apeleke hati za kiwanja kwa wahusika, anunue mbuzi.