Kiroboto Hana Waranti, Ila Anadumu: Barua ya Wazi kwa Wenye Viwanda

Kwa Waheshimiwa Wenye Viwanda vya Pasi, Feni, Blenda na Majagi ya Umeme,
Popote Mlipo (anwani yenu kwenye boksi haisomeki).

YAH: MAOMBI YA KUWAPELEKA MAFUNZONI KWA KIROBOTO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwa vifaa vyenu, ambavyo hadi naandika barua hii vingi vimeshatutoka. Naandika kutoka Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba yenye umeme, watoto, paka mmoja tunayemwita Diwani, na stoo ambayo siku hizi tunaiita makaburini.

Niruhusuni nianze na taarifa ya misiba. Pasi ndiyo iliyotangulia. Taa yake nyekundu inawaka vizuri sana, ila chuma ni cha baridi, na mwenye haraka ya kwenda kazini anabaki kunyoosha shati kwa viganja. Likafuata jagi la umeme, lililofia kwenye kitufe: haliwaki mpaka ulikandamize kwa kidole tangu maji yakiwa baridi hadi yachemke. Blenda nayo mota yake ni nzima kabisa. Tatizo ni ule mpira mdogo wa meno unaoshika kisu, ambao umelika, kwa hiyo mota inazunguka na embe linaitazama. Feni ya kusimama sitaki kuisema vibaya kwa kuwa haikufa, imestaafu. Ukiiwasha inaguna kuonyesha nia, lakini panga halizunguki mpaka ulisukume kwa kijiti. Likishazunguka, shingo haigeuki, na anayepepewa ni mgeni mmoja tu aliyekaa upande wa kabati. Fundi anasema ni kapasita, kile kidude kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ni katika vitu vya bei ndogo kabisa ndani ya feni, na ndicho kilichoteuliwa kufa kwanza.

Hapo sijagusa plagi. Soketi zetu, kama zile za Kenya na Uganda, ni za matundu matatu ya mstatili, urithi wa Mwingereza. Ndani zina vizuizi vinavyofunguka pale jino refu la juu linapoingia, ili mtoto asichomeke msumari. Ninyi mnatuletea plagi ya miguu miwili ya duara. Kwa sababu hiyo kila nyumba ina kalamu isiyoandika, iliyoajiriwa rasmi kuchokonoa tundu la juu ili miguu yenu miwili ipate kupita. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya mtoto inavunjwa na mama mtu kila asubuhi, mtoto akiangalia na kujifunza. Na ukishafanikiwa kuchomeka, waya ni mfupi kiasi kwamba jagi linachemkia sakafuni, jirani na bakuli la Diwani.

Nawapongeza hata hivyo kwa waranti, kwani ndiyo sehemu ya bidhaa zenu iliyotengenezwa kwa umakini. Ni ya miezi 12, na haihusu kuungua, kuanguka, kuingia maji, wala umeme kupanda na kushuka. Nimesoma mara ya pili kuhakikisha: jagi la kuchemshia maji, likiingia maji, waranti imekufa. Sharti jingine ni boksi liwe zima, na ndiyo maana juu ya makabati ya Watanzania kumejaa maboksi matupu ya marehemu, yamepangwa mpaka darini. Na kama vile hayo hayatoshi, chini ya risiti pamegongwa muhuri wa bluu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilimpelekea fundi wa mtaani kwetu ile pasi. Akaipindua, akaitazama skrubu zake zenye vichwa vya pembetatu ambazo bisibisi yake haizijui, akagonga sehemu iliyogandishwa kwa gundi, akanirudishia.

“Mama, hii haikutengenezwa ili ifunguliwe.”

“Sasa ilitengenezwa ili ifanyweje?”

“Iuzwe.”

Waheshimiwa, huyo kijana hana cheti cha uhandisi, ila sijawahi kusikia maelezo ya kiwanda chenu yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo.

Nikaenda Kariakoo kutafuta nyingine. Muuzaji, kwa upole wote wa mtu wa biashara, akaniuliza: “Mteja wangu, nikupe orijino, kopi, au orijino kopi?” Bei zilikuwa tatu, maboksi yalikuwa yanafanana mpaka picha ya mama anayetabasamu. Nilipomuuliza ipi itadumu, akashusha sauti, akanielekeza kwa jamaa anayeuza mtumba kutoka Ulaya. Yaani mwenye duka la vitu vipya ananishauri ninunue kilichokwisha tumiwa na mtu mwingine miaka mingi, kwa hoja kwamba kama hakijafa mpaka leo basi kina roho ngumu. Sijui kama mna kitengo cha masoko, lakini kama mnacho, naomba mkipelekee salamu hizi.

Sasa nije kwenye maombi yenyewe.

Diwani aliletwa hapa nyumbani kwa ahadi ya kumaliza panya. Panya wapo, yeye huonekana saa ya chakula. Alipokuja, alikuja na msafara wake, na msafara huo ndio pekee uliotimiza zaidi ya ulichoahidi. Nimemkagua kiroboto kwa jicho lilelile ninalokagulia bidhaa dukani, na naleta kwenu sifa zake.

Urefu wake ni milimita 2 au 3. Ubavu ni bapa, hivyo anapita katikati ya manyoya bila kukwama, na ukimbana kwa ncha za vidole anateleza. Anayetaka kumuua atumie kucha. Hana mabawa, hana betri, na anaruka umbali unaozidi urefu wa mwili wake mara nyingi. Kifuani, juu ya miguu ya nyuma, amewekewa mpira wa asili uitwao resilini, unaotunza nguvu na kuiachia kwa mkupuo mmoja. Mpira wa blenda yenu umelika kwa juisi ya embe. Wa kiroboto haujawahi kurudishwa dukani.

Jike aliyeshiba damu huweza kutaga mayai 40 kwa siku moja. Mayai hayabaki kwa paka, yanadondoka kila anapojilaza: mkekani, kwenye kochi, chini ya kitanda. Mabuu yanayoanguliwa hukimbia mwanga na kujilisha takataka za sakafuni pamoja na kinyesi cha wazazi wao, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha kila buu hujisokotea kifuko cha nyuzi kinachonasa vumbi, likajifungia humo. Hapa ndipo nawaomba wahandisi wenu wachukue daftari. Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kusubiri wiki kadhaa, hata miezi, mpaka ahisi mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na hewa ya pumzi. Ndiyo maana familia iliyofunga nyumba na kwenda mkoani likizo, ikirudi hupokelewa mlangoni na wenyeji isiowajua. Kifaa chenu kikikaa kabatini muda huohuo, kinatoka hakiwaki. Kiroboto anatoka na njaa.

Dawa ya kupuliza inaua wanaotembea, lakini kifuko inakipenya kwa shida. Na wale unaowaona kwenye manyoya ya paka ni sehemu ndogo tu ya ukoo. Wengi wako sakafuni wakiwa mayai, mabuu na vifuko. Anayetaka kuwamaliza lazima amtibu mnyama na nyumba kwa pamoja: afue vitambaa kwa maji ya moto, aanike mikeka juani, afagie mpaka pembeni mwa ukuta, arudie baada ya muda, na amwone daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa, maana dawa ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka. Oneni heshima aliyojijengea mdudu huyu! Kumwondoa kunahitaji mpango kazi. Kuviondoa vifaa vyenu hakuhitaji chochote, mtu anasubiri tu waranti iishe.

Najua mtajibu kwamba vitu kuharibika ni bahati mbaya. Historia inawakatalia. Mwishoni mwa mwaka 1924, huko Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwemo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, walikubaliana kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Wakati ule balbu nyingi zilidumu kati ya saa 1,500 na 2,000. Umoja ukapanga kiwango kipya cha saa 1,000, ukawa unapima balbu za wanachama, na aliyepeleka sokoni balbu inayodumu kupita kiasi akatozwa faini. Mfikirieni mhandisi anaitwa ofisini kukaripiwa kwa kosa la kufanya kazi yake vizuri! Umoja huo ulisambaratika Vita Kuu ya Pili ilipowagawa wanachama, lakini somo halikusahaulika. Na ili msiseme kwamba haiwezekani, katika kituo cha zimamoto cha mji wa Livermore, California, kuna balbu iliyowashwa mwaka 1901 ambayo bado inawaka. Mwanga wake ni hafifu, nakubali. Walioitengeneza wamezikwa zamani, yenyewe haina habari.

Kwetu pia ushahidi upo. Bibi zetu walinyoosha kanzu na sare za shule kwa pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma kwenye komeo. Mabinti waliirithi, wajukuu wakaikuta. Ubovu wake mkubwa ulikuwa cheche moja kutoboa shati, na fundi wake alikuwa mtu yeyote mwenye nyundo.

Wafaransa wao walichoka mapema. Mwaka 2015 walitunga sheria inayofanya kufupisha kwa makusudi uhai wa bidhaa kuwa kosa la jinai, adhabu yake kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya euro 300,000. Mwaka 2021 baadhi ya bidhaa, zikiwemo simu, runinga na mashine za kufulia, zilianza kulazimika kuonyesha alama kati ya 0 na 10 za urahisi wa kutengenezeka. Mnunuzi anaona dukani, kabla hajalia nyumbani.

Sisi nasi hatujakosa vyombo. Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1975, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaja mlaji na haki zake. Tunachokosa ni mtu mwenye nauli. Nani atakayepanda daladala mbili, apige foleni, ajaze fomu, arudi kesho na keshokutwa, kwa ajili ya jagi la bei ya nyama ya Jumapili mbili? Hapo ndipo ninapowavulia kofia, waheshimiwa. Hamkutengeneza kifaa kibovu, mmetengeneza hasara iliyopimwa: ndogo kiasi kwamba kuilalamikia ni hasara kubwa kuliko kuinyamazia. Kiroboto anaishi kwa kanuni hiyohiyo. Angenyonya nusu lita, tungeshaitisha mkutano wa mtaa. Ananyonya tone, tunajikuna na kuendelea. Tofauti ni kwamba yeye ananyonya tone kwa mwili wenye ubora.

Kwa hiyo naomba mtume wajumbe Tabata, waishi hapa wiki chache, walale kwenye kochi la Diwani na kupata mafunzo kwa vitendo. Kama ratiba haiwaruhusu, basi tekelezeni haya machache:

Kwanza, tumieni skrubu ambazo bisibisi ya fundi wa mtaani inazijua.

Pili, uzeni vipuri. Mtu mwenye mota nzima asilazimike kununua blenda nzima kwa ajili ya mpira wa meno.

Tatu, andikeni kwenye boksi saa ambazo kifaa kimetengenezwa kudumu. Mnazijua, Phoebus walizijua miaka 100 iliyopita.

Nne, tuleteeni plagi ya soketi zetu, na waya unaofika mezani.

Tano, waranti ya chombo cha maji ihusu maji.

Nanyi walaji wenzangu mnaoisoma barua hii pembeni, dukani msiulize bei peke yake. Ulizeni kama kinafunguka, kama kipuri chake kinapatikana, na muuzaji akijiumauma, rudisheni pesa mfukoni palepale. Kifaa ambacho fundi hawezi kukifungua hakistahili kushushwa bandarini Dar es Salaam.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlaji,
Tabata.