Tufungulieni Tena Chuo Kile Kisichokuwepo

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Viza,
Dirisha lolote litakalokuwa wazi,
na kwa wakubwa wako wa Washington.

KUH: OMBI LA KUFUFULIWA KWA CHUO KIKUU CHA FARMINGTON, PAMOJA NA MAOMBI MENGINE MADOGO MADOGO

Mheshimiwa,

Tunakuandikia kutoka upande huu wa kioo. Msimu wa viza za wanafunzi ndio huu tena. Barua za vyuo zimeingia, fomu za I-20 za kuthibitisha udahili zimechapishwa kwa rangi, mashati yamepigwa pasi, na watoto wetu wamenyolewa na kuonywa wasicheke ovyo mbele ya wakubwa. Fomu ya DS-160 imejazwa hadi mwisho, hata pale mnapomuuliza msichana wa miaka kumi na minane wa Changamwe kama amewahi kushiriki kuwatoa watu viungo vya mwili kwa nguvu, kama amewahi kuandikisha watoto jeshini, na kama anakuja kwenu kufanya ugaidi. Amejibu hapana kote. Mamake alisita kidogo kwenye swali la ugaidi, kwa kuwa fomu haina nafasi ya kueleza kwamba vurugu za mtoto huyu huishia jikoni.

Akaunti za mitandao ya miaka mitano tumeziorodhesha. Tangu Juni 2025 tumezifungua pia, zionwe na kila mtu, kama mlivyoagiza, ili mtu asiyetujua apate kupitia picha za harusi ya binamu yetu. Karibuni. Tunaomba tu msimcheke yule mjomba anayecheza.

Pesa nazo tumeshalipa: dola 350 za SEVIS, mfumo wenu wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza. Hizo 185 kwa hela zetu ni kama shilingi elfu ishirini na nne, na tunajua hazirudi. Mtoto akinyimwa, akitaka kujaribu tena, analipa nyingine. Za SEVIS mnamruhusu kuzitumia tena ndani ya miezi kumi na miwili, na kwa ukarimu huo tunashukuru sana.

Ni lile dirisha, Mheshimiwa, linalotufanya tuandike.

Kijana hushuka kwenye basi la usiku alfajiri, hunawa uso chooni kwenye kituo cha mafuta, hubadilisha shati, na kupanga foleni. Mkononi ana faili. Humo mna cheti cha KCSE, barua ya chuo, stetimenti ya benki ya miezi sita, hati ya shamba la babu, barua ya mwajiri wa baba, barua ya mjomba aliye Qatar atakayelipa muhula wa kwanza, na picha ya nyumba yao, ambayo hakuna aliyeiomba lakini shangazi alisisitiza. Faili hiyo imepangwa kwa wiki nzima, kila karatasi ndani ya mfuko wake wa plastiki. Anafika dirishani. Swali la kwanza: kwa nini chuo hiki? La pili: nani atakulipia? La tatu mara nyingi halipo. Na kwa kuwa mnazungumza kwa kipaza sauti, ukumbi mzima hupata kujua mshahara wa baba mtu. Kisha pasipoti inarudi chini ya kioo, pamoja na karatasi yenye kifungu cha 214(b). Karatasi hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Ilikuwa imeshachapishwa kabla hajapanda basi. Rundo lake liko pale pale karibu na kibodi, na akisimama wima analiona.

Faili haikufunguliwa.

Kifungu chenyewe tunakijua kwa moyo kuliko wengi wa raia wenu. Ni cha sheria ya uhamiaji ya 1952, na kinataka kila mwombaji ahesabiwe kuwa anakuja kuhamia mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Mtoto hufika dirishani hukumu ikiwa imeshatolewa, na ana dakika tatu za kukata rufaa.

Basi tuseme wazi. Mnatuita waongo. Mnatuita waongo kwa adabu, mnatutakia siku njema, na tunawalipa kwa kazi hiyo. Kuna mzee aliyeuza kipande cha shamba Kilifi ili stetimenti ipendeze. Kuna mama aliyezunguka na kadi ya mchango msikitini, kazini na kwenye chama, na sasa huenda sokoni kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu wa kumwuliza, “Mwanao alisafiri lini?” Aibu hiyo nayo ina kifungu? Au huyo mama naye tumwambie ajaribu tena mwakani?

Samahani, Mheshimiwa. Turudi kwenye adabu.

Kwa kuwa mnapenda ushahidi, nasi tumekaa chini tukapitia orodha yenu ya vyuo vilivyoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Ni orodha ya heshima. Chuo kinachotaka kuingia hujaza fomu ya I-17, hulipa dola 3,000, hutembelewa, na kila baada ya miaka miwili hutakiwa kuthibitishwa upya. Kutoka kwenye orodha hiyo, tarehe 22 Mei 2025, mlikifuta Harvard, chuo kilichoanza 1636, miaka 140 kabla ya nchi yenu kujitangazia uhuru. Jaji aliwazuia kesho yake. Na kwenye orodha hiyo hiyo, miaka michache nyuma, mlikuwa mmekiweka Chuo Kikuu cha Farmington cha jimbo la Michigan.

Farmington kilikuwa na tovuti, nembo, kauli mbiu ya Kilatini, ukurasa wa Facebook, na ofisi katika jengo la biashara mjini Farmington Hills. Shirika la kutoa ithibati lilikiorodhesha kwa sababu nyinyi mliliomba. Hakikuwa na mwalimu. Hakikuwa na darasa wala mtaala. Waliopokea simu na kuchukua ada walikuwa maajenti wa ICE, idara yenu ya kusimamia sheria za uhamiaji. Mapema 2019 mlikivunja, kikiwa na wanafunzi wapatao 600, wengi wao Wahindi, na kabla ya mwaka ule kwisha mlikuwa mmewakamata 250 hivi. Kaka yake alikuwa Chuo Kikuu cha Northern New Jersey, mjini Cranford, 2013 hadi 2016, nacho cha serikali, nacho hakipo. Hicho kilikuwa makini zaidi, maana mitandaoni kilitangaza hata kwamba masomo yamefungwa kwa sababu ya theluji. Masomo yapi, tangazo halikusema.

Mlieleza kwamba wanafunzi walijua ni mchezo na walikuwa wakinunua kibali cha kukaa. Baadhi pengine walijua. Wengine wanasema walitazama orodha yenu, wakakiona chuo, wakalipa, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaona kwamba madai ya kuvunjiwa mkataba yanaweza kusikilizwa kortini. Hayo tunawaachia mawakili. Sisi wazazi tumekipenda chuo.

Kwa hivyo ombi letu kuu ni hili: kifungueni tena, na watoto wetu wawe wa kwanza kudahiliwa.

Hebu fikiria, Mheshimiwa. Hofu yenu ni kwamba mtoto akienda hatarudi. Chuo kisichokuwepo hakiendeki. Mwanafunzi wetu wa Farmington atasoma akiwa Likoni, mbele ya macho ya nyanyake, na uhusiano wake na nchi yake utathibitika kila asubuhi anapotumwa maziwa. Nia ya kuhamia hatakuwa nayo. Hata chumba hawezi kuhama, maana analala na wadogo zake wawili. Kifungu cha 214(b) kitaridhika kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe.

Maandalizi tumeyaanza. Muuza kahawa mmoja amekubali kutoa baraza yake iwe bewa kuu, kwa masharti kwamba wahadhiri wasiokuwepo wasikalie viti vya wateja. Walimu hatutatafuta, kwa kuheshimu mila ya chuo. Maktaba tutaiacha kama mlivyoiacha. Mitihani tunapendekeza ifanyike mara mbili kwa mwaka, kila mtu akiwa kwake, bila karatasi. Ikifika Januari tutasubiri tangazo la theluji. Huku kwetu wakati huo jua linachoma lami, lakini ratiba ni ratiba: vijana watakaa ndani kutwa nzima, mitandio shingoni, wakinywa tangawizi, hadi chuo kitakapotangaza kwamba barabara zimesafishwa. Tangazo hilo tunaliomba lije na mhuri, kwa kuwa akina mama watataka kulionyesha kwenye chama.

Ada tutalipa. Tumesoma kwamba ilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Hilo lisiwasumbue, kulipia tusichopewa tumeshazoea.

Maajenti wenyewe tunaomba warudishwe kazini, wale wale. Inasemekana walikuwa wakipokea simu. Mheshimiwa, wewe unafanya kazi hizi, unajua ofisi ngapi za viza hupokea simu? Watu wa namna hiyo hawafai kupotezwa kwa upelelezi. Mmoja awe mkuu wa chuo, mwingine mlezi wa wasichana, na yule mwenye sauti nzuri ya simu awe msajili.

Mahafali tumeyapanga Desemba. Fundi wa Mwembe Tayari atashona majoho, na kofia zile za pembe nne ameahidi kuzijaribu. Wageni watakaa kwa itifaki: maajenti mbele, wazazi nyuma yao, waliochanga chini ya hema. Na kama desturi ya chuo inataka wahitimu wakamatwe mwishoni, hatuna neno, ila iwe baada ya pilau kupakuliwa. Vifaa vya kufuatilia nyendo vifungwe mguu wa kushoto, maana kiatu cha kulia ndicho kinachoonekana kwenye picha ya familia. Kuwarudisha makwao hakutaigharimu serikali yenu ndege wala mahabusu. Ni kuvuka barabara.

Hilo likikubaliwa, mengine yanaweza kusubiri. Tungependa kipaza sauti kizimwe dakika ile mnapouliza mshahara wa baba. Tungependa kuelezwa kwa nini mtoto aliyeadhibiwa shuleni kwa kuongea Kiswahili, na aliyefanya mitihani yake karibu yote kwa Kiingereza, anatakiwa tena na vyuo vingi alipie mtihani wa kuonyesha kwamba Kiingereza anakijua. Tumesoma pia kwamba sheria ya Julai 2025 imeweka ada nyingine ya dola 250 mnayoiita ya uadilifu wa viza, na tunaomba kufahamishwa kama uadilifu unaolipiwa ni wa upande wetu wa kioo au wa upande wenu. Faili nazo zifunguliwe, walau moja kwa siku, kwa kura. Itakayobahatika, mwenyewe ajulishwe.

Wako watakaosema tunatia chumvi, kwamba wengi hupata viza na kwamba wapo waliokwenda wasirudi. Ni kweli wapo. Tunawajua kwa majina; wengine ndio wanaotulipia karo ya wadogo zao. Lakini mwenye kosa ana jina lake, na mtoto aliyesimama dirishani leo ana lake. Haiwezekani mtu aadhibiwe kwa safari ya mtu mwingine, halafu aambiwe hiyo ni sheria, halafu aombwe dola 185. Na haiwezekani serikali iliyoketi miaka mitatu ikijifanya chuo, ikachapa barua za udahili, ikapokea ada, ikatangaza theluji, ndiyo imwangalie msichana wa Changamwe machoni na kumwuliza kama kweli yeye ni mwanafunzi. Tumechoka. Tumechoka kuwafundisha watoto namna ya kusimama, namna ya kutabasamu, jibu gani litapendeza, kana kwamba ukweli wao peke yake haufai kuonyeshwa mtu.

Utatuwia radhi kwa lugha hiyo. Limebaki ombi moja tu.

Mtoto akinyimwa, anapotoka nje ya lile geti, mamake amesimama kwenye kivuli ng'ambo ya barabara na mkoba wa chakula. Humwuliza, “Wamesemaje?” Naye hana la kujibu isipokuwa namba ya kifungu. Chuo kilisoma matokeo yake, kikasoma insha yake, kikamwandikia kwa jina kwamba kinamtaka. Tunaomba anayemkataa naye amwandikie sentensi moja. Kama ni stetimenti iliyotia shaka, aambiwe ni stetimenti. Kama ni chuo, aambiwe ni chuo. Kama ni sura yake, aambiwe ni sura; tumeshasikia makubwa kuliko hayo na tukala chakula cha jioni. Sentensi moja, kwa kalamu, iliyoandikwa na mtu aliyemtazama.

Wako mtiifu,

Mzazi wa mwombaji wa msimu huu,
Mombasa.