Mamba wa Jamhuri

Katika nyumba yenye mtoto wa gredi ya nne, kazi ya shule haikumbukwi Ijumaa. Hukumbukwa Jumapili saa moja na nusu usiku, wenye vibanda wakianza kufunga na sare zikiwa bado zinachuruzika maji kwenye kamba.

"Baba, kesho tunapeleka mnyama wa ushanga."

"Mnyama gani?"

"Yeyote. Lakini mimi nilishamwambia mwalimu ni mamba."

Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani kote nchini mwaka 2019, wazazi wa Nairobi tumerudia shule ya msingi, safari hii karo tukijilipia wenyewe. Tumefinyanga, tumesuka, tumeunda vinyago vya kutishia kunguru. Maagizo husema mwanafunzi atumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Mazingira yetu sisi wa mtaa wa Jamhuri ni lami, vumbi na honi za Ngong Road. Wanaojua kazi wako Karen. Huko Ocean Sole huchonga ndovu na twiga kwa malapa yaliyookotwa ufuoni, na Kazuri wanatengeneza shanga za udongo tangu 1975. Lakini nani aende Karen usiku wa Jumapili?

Nikakimbilia soko la Toi. Kwenye kibanda cha vitu vya saluni kilichobaki na taa nikapata shanga kubwa za plastiki, zile ambazo wasichana huvalishwa kwenye ncha za misuko, na uzi wa plastiki, bapa, unaong'aa. "Huu haukatiki, mzee," muuzaji akaapa. Hakusema uongo. Alichonyamazia ni kwamba pia haufungiki.

Mamba wa ushanga huanzia puani. Unakunja uzi katikati na kutunga shanga mbili za pua. Kila safu inayofuata hupitiwa na ncha zote mbili, moja ikitoka kulia, nyingine kushoto, zikipishana ndani ya tundu lile lile kama matatu mbili kwenye kichochoro. Kisha unavuta. Safu ya macho ni kijani, nyeusi, kijani, nyeusi, kijani. Mguu ndio mtihani: uzi unatoka ubavuni, unatungwa shanga tatu za mguu na tatu za vidole, halafu unarudi kupitia zile za mguu pekee, vidole vibaki nje vimejikunja. Ukivuta kidogo, mguu unaning'inia. Ukivuta sana, mamba mzima anajipinda kama anayeumwa tumbo.

Tulikuwa mguu wa tatu stima ilipopotea.

Binti akanyoosha mkono kutafuta simu, akaipata sahani ya shanga. Sijui ni nani aliyezifundisha punje za plastiki, lakini hakuna hata moja iliyobaki katikati ya sakafu. Zote zilijua njia ya kwenda chini ya friji. Nyingine mama watoto alizipata kwa unyayo, na maneno aliyosema hayamo katika mtaala wowote.

Tulipofika mkiani kwa mwanga wa simu, jirani akabisha hodi kuuliza kama stima imepotea na kwetu, swali ambalo giza lilikuwa limeshalijibu. Akamkagua mamba kwa tochi, akatikisa kichwa. "Plastiki haifungwi kwa fundo. Inafungwa kwa moto." Kabla sijasema lolote kiberiti kimewaka. Fundo likashika kweli. Likashikana na mkia, na mkia ukashikana na kitambaa cha meza.

Na mtu huyo huyo, pamoja na sisi wengine, ndiye utamkuta Jumamosi Soko la Wamaasai, kwenye uwanja wa magari wa Mahakama Kuu, ameinua simba wa ushanga kwa vidole viwili akisema, "Mama, punguza, ni shanga tu hizi." Akina mama wa Kajiado na Narok hutunga punje ndogo za kioo, sio hizi za saluni unazoweza kuzipitishia kidole, bila mchoro wowote mbele yao, huku wakipiga gumzo. Mwaka 2017 serikali ilianzisha mpango mzima, Ushanga Kenya, wa kuwatafutia masoko akina mama wa kaunti 7 za wafugaji. Ingeanza kwa kutunyang'anya sisi ruhusa ya kupigania bei.

Mamba alikwenda shule asubuhi akiwa na miguu mitatu, mkia uliokatwa kwa makasi, na jicho moja la waridi kwa sababu nyeusi zilikwisha. Binti aliwaambia wenzake kwamba alipigana na kiboko. Mwalimu akaandika: "Anakaribia matarajio." Mimi naona tulionewa.

Wiki ijayo ni twiga. Jirani yeyote wa Jamhuri mwenye shanga za manjano anakaribishwa, mradi aache kiberiti nyumbani.