Kenge Amesusa Dagaa

Barua ya kwanza wiki hii imetoka Ujiji, imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la mauzo, na inanuka samaki. Mwenyewe amejiita "Baba Kenge". Anaeleza kwamba wakati wa masika, mashamba ya mpunga ya bonde la Luiche yalipojaa maji, mwanawe alirudi nyumbani na mtoto wa kenge mwenye urefu wa kalamu mbili, mweusi mwenye madoa ya njano. Wakamweka kwenye beseni chumbani, juu ya sakafu ya saruji. Panzi alikuwa anawala vizuri. Kiangazi kikaingia, panzi wakaadimika, na nyumba ikaamua mgeni ale wanachokula wenyeji: ugali na dagaa. Leo ni siku ya tisa hajagusa kitu. Mama mkwe anasema amesusa kwa kuwa hapewi mgebuka. Jirani anashauri dawa ya kuongeza hamu ya kula, ile wanayopewa watoto.

Mshauri wa safu hii aliisoma barua mara mbili, kisha akauliza swali moja: jua linafika kwenye hilo beseni?

Kenge hana jiko mwilini. Mtu akila ugali usiku wa baridi, damu yake yenyewe inalipa joto tumbo linalosaga. Kenge hulichota joto nje, juani au kwenye jiwe lililoota jua, na mwili wake hufanya kazi vizuri ukifika nyuzi 30 na kitu. Usiku wa Juni na Julai Kigoma hushuka chini ya nyuzi 20, na sakafu ya saruji hubaki na ubaridi huo hadi karibu adhuhuri. Ziwa Tanganyika lenyewe lina joto kuliko chumba hicho, maana maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzi 24 au zaidi hata msimu huo. Mnyama aliyepoa hivyo akilazimishwa chakula, kinaweza kumwozea tumboni. Kwa maneno mengine, kenge wa Ujiji hajasusa. Anajua kwamba tumbo lake limefungwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumtoa nje. Apewe kizimba chenye wavu, nusu juani na nusu kivulini, ili achague mwenyewe. Beseni likiachwa juani bila kivuli, saa moja inatosha kumuua. Kumweka nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii vya kutosha, kwani kioo huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya jua inayomwezesha kutengeneza vitamini D na kuimarisha mifupa. Baada ya kuota jua, awekwe kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi mabega yake, dakika 20 hivi. Mara nyingi mjusi anayeonekana hana hamu ya chakula huwa ana kiu.

Sasa tuje kwenye dagaa. Mshauri ni mtu wa mwisho wa reli na hatakubali dagaa wa Kigoma wasemwe vibaya, ila ukweli usemwe: dagaa walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga. Sisi tunawaosha mara tatu na bado jino linasaga. Kenge hawaoshi. Mchanga ukimjaa matumboni unaweza kumziba kabisa, naye ataacha kula. Dagaa wa kichanja ni nafuu, lakini chumvi na mafuta ya kukaangia si chakula chake, na ugali ndiyo kabisa. Kenge mchanga hula wadudu, vyura wadogo, kaa na konokono. Meno yake huwa makali utotoni, kisha hubadilika kadiri anavyokua na kuwa butu kama mchi, kwa ajili ya kupondea makombe ya konokono. Mende wa jikoni wasitumike katika nyumba inayopuliziwa dawa.

Jua likishampata kwa siku chache na bado hali, atazamwe shina la mkia: likiwa limekonda hadi mfupa unahesabika, hali ni mbaya. Atazamwe na fizi, kama zina usaha au vidonda. Kinyesi chake kitiwe kwenye kichupa na kupelekwa kwa daktari wa mifugo akipime minyoo. Daktari huenda akacheka kwanza, kwa kuwa amezoea mbuzi, lakini darubini ni ileile. Na wote wanaomshika wanawe kwa sabuni, kwa sababu mijusi hubeba bakteria wa salmonela. Beseni hilo lisirudi kuoshea mchicha.

Halafu kuna jambo ambalo Baba Kenge hakuliuliza. Huyo mtoto wa kalamu mbili anaweza kufika mita mbili. Kenge wa jamii hiyohiyo waliuzwa Marekani kama wanyama wa kufugwa ndani, na tangu miaka ya 1990 wanazaliana ovyo mitaani na kwenye mifereji ya Cape Coral, Florida. Hapa kwetu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mwenye kumiliki mnyamapori. Apelekwe kwa maofisa wa wanyamapori akiwa bado anaingia kwenye kikapu.

Binti wa Gungu anauliza kuhusu kinyonga wake aliyeacha kula, na sasa anashuka mtini kila mara na kukwangua ardhi. Hongera, binti: huenda kinyonga huyo ni jike na ana mimba. Anatafuta udongo laini wa kuchimbia shimo la mayai, na mayai yanaweza kuwa makumi. Mrudishe kichakani ulikomtoa, leo hii. Na akiwa angali kwako, maji yanyunyizie majani, kwani kinyonga hunywa matone na bakuli anaweza kulipita kama haliko.

Bwana wa Mwanga, anayetaka dawa ya kumchangamsha mjusi kafiri wa ukutani ili ale mbu zaidi, awashe taa ya barazani baada ya magharibi. Wadudu watakuja wenyewe, na mjusi atawafuata. Chandarua asikiuze.