Sauti Iliyopotelea Katikati

Baba Watoto aliingia Jumamosi saa kumi jioni na katoni begani, amelikumbatia kama kondoo wa sikukuu. Nyuma yake kijana wa mkokoteni alikuwa na boksi la pili, jeusi, zito, lenye tundu ubavuni. Nikasimamisha cherehani. Nyumba yetu ni ya mabati, futi kumi kwa kumi. Kitu kikubwa hakiingii humu mpaka kingine kitoke, nami nikaanza kupiga hesabu: kitanda hakitoki, cherehani ndiyo inayosaidia kodi, basi huenda anayetoka ni mimi.

"Hom thieta," akasema huku akihema. "Spika tano na wufa. Tumekaa kimya vya kutosha."

Kimya hicho nilikijua. Mwishoni mwa 2021, mashine zilipopita hapa Mukuru kwa Njenga zikibomoa nyumba kupisha barabara, tuliokoa watoto, godoro na cherehani. Televisheni ilibaki chini ya mabati. Tangu siku hiyo mwenzangu akawa mtu wa banda la video: analipa shilingi 20, anabanana kwenye benchi na vijana, anarudi usiku akinisimulia filamu ambayo mimi sikuiona. Baadaye tulipata televisheni ndogo, lakini sauti yake ilikuwa ya mbu ndani ya chupa. Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati, tunabaki kutazama midomo.

Amp yenyewe, kikuza sauti cha hiyo hom thieta, aliitoa Luthuli Avenue, mtumba kutoka Uingereza, shilingi 9,000 pamoja na spika zake. Mtaa ule ulipewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, ile ya 1960. Amani yenyewe huioni pale. Kila duka limetoa spika mlangoni na kila spika inaimba wimbo wake. Muuzaji alimwashia amp katikati ya kelele hizo, ikanguruma, naye akalipa. Sijui ni nani angeweza kusikia kasoro mahali kama pale.

Kabla kitu hakijaguswa, niliigeuza amp nisome lebo ya nyuma. Jirani wa ploti ya pili aliwahi kuchomeka redio iliyotoka Marekani, ya volti 120, kwenye stima yetu ya 240. Ilitoa moshi kabla ya kutoa wimbo. Yetu ilikuwa imeandikwa 230, na plagi yake ni ya miguu mitatu kama zetu. Nikampa ruhusa.

Akaanza kutoa spika na kuzipanga kitandani. Moja, mbili, tatu, nne.

"Ya tano?" nikauliza.

Akatazama ndani ya katoni, akaligeuza, akalipiga kitakoni. Kikatoka kipande cha sponji.

"Tano ni pamoja na wufa," akasema.

"Si ulisema tano na wufa?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nikarudi kwenye cherehani. Kuna hesabu ambazo mke haziingilii siku ya Jumamosi.

Akaweka spika mbili kando ya televisheni. Ya tatu akaitundika juu ya kitanda, na ya nne ukutani upande wa Mama Omena. Ukuta huo tunaumiliki nusu kwa nusu: bati moja, sisi huku na yeye kule. Akipiga chafya namwambia afya. Wufa ikakosa mahali, ikaingia chini ya meza yangu, pale ninapoweka mguu. Waya zikapita juu ya kabati, nyuma ya sufuria, chini ya kapeti, mpaka mtoto wetu wa mwisho akauliza kama tunaanika nguo.

Saa mbili usiku akabonyeza swichi. Ikalia *tak*, taa ikawaka, kisha kwenye kioo chake likajitokeza neno PROTECT, ikazima. Akawasha tena. *Tak*, PROTECT, giza. Mara ya tatu akapata mkosaji.

"Ni Mama Omena. Koili yake inanyonya stima yote."

Tukangoja Mama Omena apike. Tukasikia mafuta yakichemka, samaki wakiingia, sahani zikigongana, watoto wake wakiomba waongezwe. Saa nne koili ikazimwa. Akabonyeza tena. *Tak*, PROTECT.

Nikamwambia achomoe plagi anishikie tochi. Sijasomea umeme, lakini nyuzi nimezishughulikia miaka kumi na miwili. Waya wa spika ukiuchuna ngozi, ndani unakuta nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Nyuma ya amp kila spika ina matundu mawili, jekundu na jeusi, yaliyokaribiana kama vifungo vya shati la mtoto. Nikapitisha jicho polepole, jozi baada ya jozi, kama ninavyotafuta mshono ulioruka. Kwenye jozi ya tatu nikauona: unywele mmoja wa shaba umetoroka tundu jekundu, umejikunja, umeegemea jeusi. Amp ilikuwa ikihisi nyaya zimegusana na kujifunga yenyewe isije ikaungua. Nikautoa waya, nikausokota ncha kwa vidole kama ninavyosokota uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano, nikaurudisha, na kilichobaki nje nikakikata kwa mkasi mdogo.

*Tak*. Taa ikawaka, ikakaa.

Baba Watoto hakusema asante. Alisema, "Nilikuwa nashuku hapo hapo."

Akachomeka flashi kwenye televisheni. Alikuwa ameweka akiba filamu moja ya mapigano iliyosimuliwa na DJ Afro, maana kwake filamu isiyo na DJ Afro ni chai isiyo na sukari. Yule mtu huchukua majambazi wa ng'ambo akawafanya wazungumze kama watu wa huku kwetu. Watoto wakakaa sakafuni na filamu ikaanza.

Helikopta ikapita juu ya kitanda. Kioo kikavunjika karibu na sufuria. Bomu likalipuka chini ya meza yangu, vifuniko vikacheza kwenye rafu na bati la Mama Omena likatetemeka kama debe lililopigwa teke. Baba Watoto akafumba macho kwa raha. Halafu akayafumbua.

"DJ Afro yuko wapi?"

Tukasikiliza. Kwa mbali, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya pipa la maji, kulikuwa na mnong'ono. Akaongeza sauti, lakini mabomu ndiyo yaliyoongezeka. Akaongeza tena. Kichanga cha Mama Omena kikaamka, na bati likagongwa mara tatu kutoka upande wa pili.

"Jirani! Kama ni vita, basi tuambieni nani anapigana na nani!"

Tukazima. Usiku huo mwenzangu alilala akitazama ukuta.

Jumapili mchana nikamwita fundi wa redio, yule wa kibanda cha kona. Akaja na rimoti yake ya kila mashine, kwa sababu ya kwetu haikuwemo kwenye katoni. Akabonyeza, amp ikaanza kutoa sauti ya majaribio: shhhh, kama manyunyu juu ya bati. Ikaanzia spika ya kushoto. Kisha kimya cha sekunde mbili. Kisha kulia, kisha ukutani kwa Mama Omena, kisha juu ya kitanda, halafu kushoto tena. Na tena kile kimya.

Fundi akanyoosha kidole mbele ya televisheni, mahali pasipo na kitu. "Maneno yenu yanafia hapa."

Fundi wetu ni mtu wa historia. Akatueleza kwamba tangu Batman Returns ilipofungua mlango wa Dolby Digital mwaka 1992, filamu nyingi za sinema huja na njia sita: tano za spika, na ya sita ya besi peke yake. Hiyo ya sita ndiyo ile nukta moja wanayoandika baada ya tano. Mazungumzo hutoka zaidi kwenye spika ya kati. Sauti inayotoka kwenye televisheni yetu ni ya njia mbili tu, kushoto na kulia, ila amp ilikuwa imewekwa Pro Logic. Ikiwa hivyo, inatafuta kile kilicho sawa pande zote mbili na kukipeleka katikati.

"Na sauti ya msimulizi iko sawa pande zote," akasema. "Kwa hiyo inatumwa kwa spika ambayo hamna. Ni kama barua iliyopelekwa kwenye nyumba iliyobomolewa."

Hakuna aliyecheka. Baba Watoto alitazama katoni tupu, mimi nikatazama sindano yangu.

Fundi akashusha ile spika ya ukuta wa Mama Omena, akaiketisha chini ya televisheni juu ya kopo la Kimbo, akaiunga katikati. Akasema ya nyuma ikibaki moja haina kazi, akaichomoa, akaiambia amp kwamba nyuma hakuna kitu, na sauti za nyuma zikahamia mbele. DJ Afro akarudi, yuko wazi, yuko karibu, kama ameketi kwenye kopo lile. Nikamlipa fundi shilingi 300 na chai.

"Na hii tuishushe?" nikauliza, nikionyesha ya juu ya kitanda.

"Iache," akasema Baba Watoto upesi. Nikakumbuka kwamba kule kwenye godauni anakofanya kazi alikuwa ameshawaambia wenzake kuhusu sauti ya nyuma. Nikaitandikia kitambaa.

Jioni mlango ukabishwa. Mama Omena, na mtoto mgongoni, na kigoda chake mkononi. "Leo sisikii chochote," akalalamika. "Jana angalau mabomu nilikuwa nayapata."

Tukamkaribisha. Kigoda hakikupata nafasi, akaketi kitandani, kichwa chake chini kabisa ya ile spika iliyotandikiwa kitambaa. Filamu ikaanza, helikopta ikapita. Mama Omena akainua kichwa, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Lakini hii ya nyuma, Mama Watoto," akasema, "ndiyo inayotoa vizuri kuliko zote."

Baba Watoto akanigeukia. Nilikuwa na pini tatu mdomoni.