Muulize Somo: Boksi Limeonekana Kwenye Pipa

Shikamoo Somo. Naishi Minneapolis, na kila Desemba kazini kwetu tunabadilishana vitamu vya Krismasi. Mimi na oveni hatuelewani, kwa hiyo nilinunua zile keki ndogo za umbo la mti wa Krismasi, nikazivuruga, nikaviringisha vitonge, nikavichovya kwenye chokoleti nyeupe. Sahani ilirudi tupu na wenzangu wakaniomba maelekezo. Sasa mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, ameyakuta maboksi kwenye pipa la taka. Anasema huko si kupika, ni kudanganya watu, na ameanza kuniita Mpishi wa Mkasi kwa kuwa kifaa nilichokitumia sana ni mkasi wa kufungulia pakiti. Je, nimewadanganya?
– Mpishi wa Mkasi

Marahaba, mwanangu. Jina ulilopewa ni zuri, usilirudishe. Ila hoja ya mama mkwe ni nzito kuliko alivyoisema, na inastahili kujibiwa kwa adabu. Anachodai ni kwamba kupika ni kuanzia mwanzo, na kwamba aliyeruka hatua amejitwalia sifa za kazi ya mtu mwingine. Sawa, lakini mwanzo ni upi? Tui la wali wa sikukuu siku hizi linamiminwa kutoka kwenye boksi katika nyumba nyingi ambazo mbuzi ya kukunia nazi imelala uvunguni, na sijasikia mgeni aliyesusa wali kwa ajili hiyo. Unga wa chapati za mama mkwe haukusagwa Moshi kwa mkono wake. Kila jiko lina mahali pake pa kusema "kazi yangu inaanzia hapa", na mahali hapo pamekuwa pakihama tangu mashine ya kwanza ya kusaga ilipofika kijijini. Mimi napaweka hivi: umepika pale ulipoibadilisha ladha kwa uamuzi wako. Ukichovya keki ya dukani nzima nzima kwenye chokoleti, umenunua kitu ukakivisha nguo. Ukiivunja, ukaionja, ukatambua imezidi nini na imepungukiwa nini, kisha ukairekebisha, basi umepika, hata kama hukuwasha moto.

Hilo si wazo langu la leo la kukutetea. Waokaji wa Denmark wamekuwa wakisaga mabaki ya keki na vitafunwa vya jana, wakachanganya na kakao, jamu na harufu ya ramu, wakaviringisha kitonge kinachoitwa romkugle na kukiuza kwenye kabati lilelile la kioo. Wasweden wana kijiti cha makombo ya keki kilichofungwa kwa mazipani ya kijani, ncha zake zimechovywa kwenye chokoleti, nacho kwa utani kinaitwa dammsugare, mashine ya kunyonya vumbi, kwa kuwa inasemekana kilibuniwa ili kufyonza makombo ya dukani. Hakuna anayewaita waokaji hao walaghai. Tofauti yao na wewe ni kwamba keki iliyovunjwa waliioka wenyewe. Lakini mlaji hali keki ile ya jana. Anachokila ni uamuzi wa leo: kakao kiasi gani, ramu kiasi gani, jamu ya tunda gani.

Keki ulizonunua nazo zina ukoo wake. Zinatoka kwa McKee wa Collegedale, Tennessee, biashara iliyoasisiwa na mke na mume, Ruth na O.D. McKee, katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani. Mwaka 1960 waliipa keki yao jina la mjukuu wao wa miaka minne, Debbie, na ile ya umbo la mti ikaingia sokoni mwaka 1985. Maana yake ni kwamba wenzako wa Minneapolis wenye umri wa chini ya miaka arobaini wamekua wakiiona keki hiyo kila Desemba. Walipouma kitonge chako waliitambua ladha hiyo, na huenda ndiyo iliyowafanya wamalize sahani. Unafichaje siri ambayo kila mtu ameila utotoni?

Kinachonivutia zaidi ni haya inayokusumbua, maana ina historia kuliko keki yenyewe. Inasimuliwa sana kwamba unga wa keki wa boksi ulikuwa haununuliki Marekani hadi mwanasaikolojia Ernest Dichter, mzaliwa wa Vienna, alipowaambia watengenezaji katika miaka ya 1950 wamwachie mama wa nyumbani avunje mayai mwenyewe, ili asijione mvivu. Hadithi tamu, lakini ina tundu. Kampuni ya P. Duff and Sons ya Pittsburgh ilikuwa tayari imetaja katika maombi yake ya hataza ya miaka ya 1930 kwamba wanunuzi wanapendelea mayai mabichi, na keki ya mayai mabichi kwa kweli huwa bora kuliko ya mayai ya unga. Mwanahistoria wa mapishi Laura Shapiro, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu mapishi ya Marekani ya miaka ya 1950, anaonyesha kwamba kilichowavuta akina mama hakikuwa yai peke yake. Kampuni ziliwaelekeza kwenye mapambo: aisingi, maua, keki za maumbo mbalimbali. Kazi haikufutwa jikoni. Ilihama kutoka ndani ya oveni ikaenda juu ya keki. Kwako wewe imehama tena, safari hii imeingia ulimini. Swali la kumjibu mama mkwe basi si kama ulioka. Mwulize vitonge vilikuwa na ladha ya nini, kisha umpe kimoja. Kama watu walikuuliza "umeoka mwenyewe?" ukasema ndiyo, hapo ulidanganya, na Somo hakutetei. Sema "nimetengeneza". Ni kweli tupu.

Somo wangu, shikamoo. Niko Columbus, Ohio, nina watoto watatu na subira kidogo. Nilifuata maelekezo ya vitonge vya keki: keki za pakiti, jibini ya krimu, chokoleti. Mchanganyiko ukawa kama udongo wa kufinyangia, chokoleti ikageuka tope kwenye bakuli, vichache vilivyofanikiwa vikapasuka na kutoka jasho. Juu ya yote ni vitamu kiasi cha kuumiza meno. Nimekosea wapi?
– Baba Kijiko

Marahaba, baba. Maelekezo hayo yalizaliwa kwa ajili ya kitu kingine. Vitonge vya sikukuu vilivyo maarufu Marekani ni vya biskuti za Oreo, pakiti moja kwa gramu 225 za jibini ya krimu. Biskuti ni kavu, inakunywa jibini yote hiyo na bado inashikana. Ndugu zake ni vitonge vya keki ya kuoka nyumbani, ambavyo huchanganywa na aisingi ya kopo. Keki ya pakiti inakuja na krimu yake tumboni na aisingi yake mgongoni. Gundi imeshawekwa kiwandani. Ukiongeza jibini kwa kipimo cha biskuti unapata huo udongo wako. Kwa gramu 400 hivi za keki anza na vijiko viwili vya chakula vya jibini, kanda kwa mkono, bonyeza tonge kiganjani. Likishika bila kuacha mafuta kwenye vidole, acha hapohapo.

Na utamu huo ndio kiini cha safu nzima ya leo, kwa hiyo nivumilie. Mtengenezaji wa kitafunwa cha pakiti anapima sukari yake kwa mtu atakayekula keki moja na maziwa au kahawa. Wewe unaiminya keki hiyo, unaitoa hewa yote, unaifunga kwenye chokoleti nyeupe ambayo ni sukari, maziwa na siagi ya kakao bila chembe ya kakao chungu. Kitonge cha ukubwa wa ndimu ndogo kinabeba utamu wa kipande kizima. Anayekwambia uongeze maziwa ya kopo hapo hakupendi. Kazi yako ni kupunguza, na kwa kuwa sukari haitoki, unapunguza kwa kuweka vinavyopingana nayo. Chumvi, robo ya kijiko cha chai. Kijiko cha kahawa ya unga laini. Maganda ya limau yaliyoparuzwa. Kama una unga wa ubuyu uliobebwa na mgeni kutoka nyumbani, kijiko kimoja cha chai kina ukali ambao jibini yote ya Ohio haina. Iliki inapendeza, lakini haipunguzi utamu. Usiitume kazi isiyo yake. Kisha vika chokoleti nyeusi ya asilimia 70, na kama unataka theluji ya Krismasi, chora mistari myeupe juu yake.

Tope la bakuli ni maji. Tone moja lililotoka kwenye mwiko, au mvuke wa sufuria ya chini, linatosha kuifanya chokoleti iliyoyeyuka ikamatane na kuwa chembechembe. Haitarudi kuwa ya kuchovyea, ila ukiongeza maziwa ya moto inakuwa mchuzi mzuri wa kumwagia aiskrimu, kwa hiyo usiitupe. Kupasuka kunaletwa na friza: tonge lililoganda likianza kupata joto linatanuka ndani ya ganda lililokwisha kukauka, nalo ganda halina pa kwenda. Weka kwenye friji kwa nusu saa hivi, liwe gumu na si barafu, kisha liache mezani dakika chache kabla ya kuchovya. Jasho ni unyevu wa hewa ya chumba kujikusanya juu ya kitu baridi. Likikauka linaacha madoa ya sukari. Ukitoa vitonge kwenye friji, viache vimefunikwa hadi ubaridi uviishie. Chokoleti halisi pia inadai nidhamu ya joto: nyeusi uiyeyushe hadi nyuzi 45 hivi, uishushe hadi 28, uipandishe hadi 31 au 32 ndipo uchovye, vinginevyo itakuwa na ukungu wa kijivu na haitakatika kwa mlio. Huna kipimajoto wala subira? Nunua vipande vya kuyeyusha vya mafuta ya mawese, ambavyo havihitaji yote haya. Ladha yake ni ya chini, nasema wazi, lakini baba wa watoto watatu hapimwi kwa kipimajoto.

Somo, nimesoma majibu yako ya miaka yote na nasikitika leo unatetea chakula cha kiwandani. Keki hizo ni sukari, mafuta na majina marefu kwenye lebo. Kwa nini usiwaambie watu waoke keki yao, wajue wanachokula?
– Mwenye Afya, Houston

Ndugu Mwenye Afya, lebo umeisoma vizuri na sina la kuipinga. Lakini kitonge cha keki ya nyumbani, kikishachanganywa na aisingi na kuvikwa chokoleti, nacho ni sukari na mafuta, na hakuna anayekila kwa ajili ya mifupa. Kama unataka kumlinda mlaji, mpunguzie ukubwa: gramu 15 badala ya 30, chokoleti chungu, sahani ndogo. Hoja yako ya gharama, ambayo hukuitoa, ingenitisha zaidi, kwani mtu akinunua maboksi manne na chokoleti nzuri anaweza kutumia fedha nyingi kuliko za unga, mayai na siagi. Anachonunua ni muda. Kwa anayetoka zamu ya usiku tarehe 23 Desemba, sioni kosa hapo.

Shikamoo Somo. Dada yangu yuko Marekani na amenitumia picha za vitonge hivyo. Huku Dar es Salaam naweza kutumia keki za pakiti za dukani? Nataka kuvipeleka kwa wakwe Krismasi, na baadhi ya majirani zao ni Waislamu.
– Bi Mdogo, Tabata

Marahaba mwanangu. Keki yoyote laini ya pakiti itafaa, ila ile isiyo na krimu ndani itahitaji jibini zaidi, au maziwa mazito kidogo kidogo. Adui yako ni joto. Siagi ya kakao inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mchana wa Desemba Dar unapita 30 kivulini. Kwenye daladala usiniulize. Achana na ganda la chokoleti. Viringisha vitonge kwenye nazi iliyokaushwa, kama Wasweden wanavyofanya kwa vitonge vyao vya chokoleti, au kwenye karanga zilizokaangwa na kusagwa kwa chumvi, ambazo zitaushusha na utamu. Vikiwa na jibini, visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwa hiyo vibebe kwenye kikasha chenye barafu.

Kuhusu majirani, soma lebo kabla ya kununua. Baadhi ya keki za pakiti zina mafuta ya ng'ombe au jelatini bila kueleza mnyama alichinjwaje, na harufu ya ramu inaweza kuwa na pombe. Ukitilia shaka, chagua keki ya mafuta ya mimea. Kisha fanya jambo ambalo Mpishi wa Mkasi wa Minneapolis naye alifanye: weka kikaratasi kando ya sahani kinachotaja keki uliyotumia, ngano, maziwa, mayai na soya. Karanga ziandike kwa herufi kubwa.