Mwongozo kwa Anayedhani Kozi ya Muziki wa Dunia ni Mteremko

Umetoka Tanga, au Mombasa, au Bukavu. Umepata nafasi ya kusoma uhandisi Marekani, na chuo kinakulazimisha kuongeza kozi moja ya sanaa. Falsafa inatisha, uchoraji unataka vifaa vya kununua. Kisha unaiona chini kabisa ya orodha: Muziki wa Dunia. Unacheka peke yako. Wewe uliyelelewa na taarabu ya jirani, kwaya ya Jumapili na singeli ya bodaboda, ushindwe na muziki? Jisajili tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako.

Siku ya kwanza mkufunzi atauliza nani anatoka wapi. Jibu kwa sauti ya chini, na ukiweza, kohoa katikati. Ukishatamka jina la nchi yako, umeteuliwa balozi wa bara zima, bila mshahara wala gari lenye bendera. Itakapofika wiki ya ngoma za Waewe wa Ghana, darasa zima litakugeukia. Wenzako wa Ohio watakuwa wamekwisha kukariri jinsi gankogui, ile kengele ya midomo miwili, inavyoshika mwendo, axatse inavyochacharika juu yake, na kidi na sogo zinavyojibizana na ngoma kuu. Wewe utakuwa bado unatafuta mguu wa kuanzia uko wapi. Kutoka Tanga hadi nchi ya Waewe ni mbali kuliko kutoka London hadi Cairo, na hakuna anayemgeukia Mwingereza wiki ya muziki wa Misri. Lakini usianze kutoa hotuba hiyo. Sema hujui. Watadhani ni unyenyekevu, nawe utakuwa umesema kweli.

Usihangaike na jina la kozi. Robert Brown alikuwa akilitumia katika chuo cha Wesleyan miaka ya 1960, kisha mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana baa moja London wakalipitisha, ili wenye maduka wajue rafu ipi ya kuweka kila kisichokuwa chao. Hayo yataulizwa kwenye mtihani, alama mbili.

Mtego wenyewe ni gamelani. Utajiuliza kwa nini chuo kilichozungukwa na mashamba ya mahindi kina chumba kizima cha ala za shaba kutoka Java. Lawama, au shukrani, mpe Mantle Hood. Alisoma Amsterdam chini ya Jaap Kunst, Mholanzi ambaye mwaka 1950 aliupa usomi huu jina lake refu la ethnomuzikolojia. Hood alirudi Los Angeles na shauri la ajabu: msomi wa muziki wa watu sharti aweze kuupiga, hata kama vibaya. Mwaka 1960 aliliandika shauri hilo, na tangu hapo wanafunzi wasio na hatia wanakalishwa chini sakafuni.

Viatu vinabaki mlangoni. Hilo wewe huhitaji kufundishwa. La pili litakukwaza. Ala haivukwi kwa mguu, hata kama kijiti chako kiko upande wa pili na njia ya kuzunguka ni ndefu. Zunguka. Upatu mkubwa unaoning'inia nyuma ndio mzee wa ukoo. Kule Java huwekewa maua na kufukiziwa ubani. Wenzako wataliandika hilo kwa mshangao mkubwa. Wewe uliyekulia penye chetezo utaona ni jambo la kawaida tu, na hapo ndipo utakapoanza kubweteka.

Kwa sababu mhandisi ndani yako atataka kupima. Utafungua programu ya simu inayotambua noti, ugonge ubao wa shaba, na simu itayumba kama mlevi. Kuna mpango wa slendro wenye sauti tano na wa pelog wenye saba, lakini umbali kati ya sauti na sauti haukuandikwa popote pa kudumu. Kila seti hulinganishwa yenyewe kwa yenyewe, na ubao wa seti moja ukiupeleka kwenye seti ya jirani unakuwa mgeni. Ukiuliza sauti sahihi ni ipi, utaambiwa ni ya hapa. Halafu utapewa kazi ya kugonga mara moja kila baada ya mapigo manne, kwa upole, usisikike kuliko mwenzako. Wapiga gitaa wa darasa hushindwa vibaya katika hili. Nimeona watu wenye vipaji wakitolewa jasho na noti moja.

Wiki ya mbira ya Washona haina maumivu, ila usithubutu kubandua vile vizibo vya soda ukidhani mtu amevisahau. Mngurumo wake ndio unaotakiwa.

Kuhusu Erich von Hornbostel na Curt Sachs, kariri tu. Mwaka 1914 walizipanga ala zote kwa kinachotikisika: ngozi, uzi, hewa, au mwili wa ala yenyewe. Ni mpango safi sana, na haukuambii ngoma ya unyago ni marufuku kwa nani.

Sasa taarabu. Utafika darasani umevimba kichwa, na utaanza vizuri: Sultani Barghash anayesimuliwa kumtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, kikundi cha Ikhwani Safaa cha 1905, Siti binti Saad akisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kisha mkufunzi ataweka wimbo wa Kijiti, unaosimulia mauaji ambayo adhabu yake iliwaangukia mashahidi, muuaji akatoroka. Atauliza nani aliruhusiwa kuyasema hayo Unguja wakati ule, na kwa nini ilibidi yaimbwe. Utanyamaza. Ataonyesha video ya harusi na kuuliza kwa nini yule mama amesimama kutunza kwenye ubeti ule na si uliotangulia, na anamtazama nani anapopeperusha noti. Umeona tukio hilo maisha yako yote na hujawahi kufuata macho ya mtu.

Usiku utampigia bibi yako. Baada ya shikamoo na marahaba ataduwaa: “Mjukuu wangu, taarabu unafundishwa huko Uzunguni? Na ada unalipa?” Mwache acheke amalize. Ndipo atakueleza kisa cha harusi moja ya mtaani kwenu, wimbo uliotunzwa mara saba, na mwanamke aliyeondoka kabla ya pilau. Ukimwuliza jina la huyo aliyeondoka atakuambia hayo hayaandikwi. Usiandike. Kwenye insha weka “mzee mmoja”, na ukubali kupunguziwa alama.

Insha yenyewe isianze kwa kusema muziki ni lugha ya dunia nzima. Mkufunzi ana kalamu nyekundu ya kazi hiyo. Wala usiiite taarabu muziki wa asili, ukiwa umekwisha kutaja fidla na kodiani ukurasa uliotangulia.

Likizo ukirudi nyumbani utaalikwa harusi. Usiende na daftari. Utajikuta nyuma ya bendi, simu imewashwa, ukihesabu noti na kufuata macho, mpaka shangazi akushike mkono akuulize umekuja kula pilau au kufanya sensa. Zima simu. Toa noti uende mbele nawe ukatunze, ila chunga sana ubeti uliouchagua na uso utakaokuwa umeuelekea, kwa maana upande wa pili wa ukumbi kuna wanaofuata macho kuliko wewe, na hao hawakulipa ada.